Mzee wa Mahakama Yuko Mwezini

Jumamosi, 6 Machi 1993

Naanza kuandika kwa sababu ya dada yangu Fransiska, ambaye ni mkunga na hapendi kusikia mtu akilalamika bila tarehe. Juzi nilimwambia nimechoka na duka, nimechoka na mume wangu Reginald, nataka kufunga kila kitu nirudi Kibosho nikalime migomba. Nilikuwa nimeshaandika kwa chaki kibao cha DUKA LINAUZWA na kukisimamisha mlangoni. Leo asubuhi nikaingia mwezini. Kufikia mchana nilikuwa nimekifuta kibao kwa kiganja, namuuzia bibi mmoja zipu huku naimba.

“Unaona?” Fransiska, aliyenikuta hivyo, akasema. “Na mwezi uliopita ulitaka kuuza nini?”

“Cherehani.”

“Lini?”

“Sikumbuki.”

“Basi andika, Eva. Andika ulichoamua, na andika mwili ulikuwa wapi.”

Nina miaka arobaini na mbili, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza mwili wangu ulikuwa wapi.

Jumanne, 9 Machi

Vumbi. Wakulima wanaokuja sokoni wanaangalia juu kuliko wanavyoangalia bidhaa. Sijaamua chochote.

Ijumaa, 12 Machi

Leo nimesema ndiyo kwa kila mtu. Reginald anataka kufuga nguruwe uani. Tangu apunguzwe kazi kwenye shirika la umma anaendesha gari la watalii la mtu binafsi, na anasema siku hizi za ruksa mtu hawezi kutegemea mlango mmoja. Nikamwambia walete. Akina mama wa kanisa walikuja kuomba mchango wa Pasaka, nikawaambia chukueni mnachotaka, nikaendelea kuzungumza na mteja. Binti yangu Brightness akaomba kulala kwa rafiki yake Kikatiti. Ndiyo.

Niliweka alama kwenye kalenda ya kanisa iliyo jikoni, kinukta cha penseli tu.

Jumatano, 17 Machi

Siku ya mahakama. Ninaandika hapa ili nielewe mwenyewe: mimi ni mzee wa mahakama. Ndivyo tunavyoitwa hata tukiwa wanawake. Katika mahakama ya mwanzo hakimu hakai peke yake, anakaa na wazee wawili, na sisi tunatoa maoni yetu naye anatoa yake. Wawili wakikubaliana, basi. Mwenzangu ni Mzee Elinami, mwalimu mstaafu, Mmeru, Mlutheri wa kweli. Hakimu ni Bwana Manase, mdogo kwangu kwa umri lakini tunamwita mheshimiwa.

Kesi mpya imetoka upande wa Ngaramtoni. Mwanamume anaitwa Koikai, amemshtaki shemeji yake, mjane aitwaye Sinyati. Koikai anasema shamba la marehemu kaka yake ni la ukoo, na mjane ana binti mmoja tu, na kwa vyovyote alisharudi kwao baada ya mazishi. Nyumba imefungwa. Kuna kampuni ya maua inayotafuta ardhi huko, kila mtu anajua, ingawa hakuna aliyeitaja.

Koikai anazungumza vizuri. Alitusalimia kila mmoja, akasimulia alivyomuuguza kaka yake, mpaka macho yangu yakaloa. Sinyati alikuwa akitazama mkeka wa mlangoni. Kwanza alisema aliondoka, halafu akasema hakuondoka. Nilimwonea huruma lakini sikumwamini. Nilirudi nyumbani nimeshaamua moyoni.

Jumatano, 24 Machi

Mvua imeanza! Imepiga bati mpaka redio haisikiki.

Jumatatu, 29 Machi

Nguruwe wamefika tangu juzi, wawili. Nimemuuliza Reginald nani alimruhusu.

“Wewe,” akasema.

“Lini?”

Akanitazama kama mtu anayetazama mto uliofurika, akifikiria apitie wapi. Usiku wa jana nguruwe mmoja alikula ndala zangu. Uani ni matope matupu.

Brightness alikuja mlangoni, akafungua mdomo, akafunga. Nikamwambia aseme. “Hapana, Mama. Nitaomba wiki ijayo.” Nikaona anaitupia jicho kalenda. Mtoto wa kidato cha tatu! Amesoma vinukta vyangu na anavitumia kuliko mimi.

Jumatano, 31 Machi

Sijui niandikeje ya leo.

Niliamka na maziwa yakiuma na kichwa kimejaa pamba. Mlima hauonekani tangu wiki iliyopita. Nilifika mahakamani viatu vimejaa udongo, nikakaa kulia kwa hakimu. Koikai alikuwa akiendelea na ushahidi wake, sauti ile ile tamu, na safari hii kila neno lilinikwaruza. Alipofika kwenye maneno, “hata mama yetu mzazi amesikitika,” Sinyati akainua uso, akanitazama. Mara moja tu. Halafu akauinamisha tena.

Nikauliza, “Mama yenu yuko hai?”

“Yuko hai, mama.”

“Anaishi wapi?”

“Kwangu.”

“Nani anampikia?”

Akamtabasamia Mzee Elinami. “Mama, kesi hii ni ya shamba.”

“Nimekuuliza nani anampikia!”

Nilisimama. Sikumbuki kusimama, lakini nilijikuta nimesimama na kidole kimenyooka. Watu kwenye mabenchi wakacheka kidogo. Hakimu akagonga meza, akaahirisha mpaka baada ya Pasaka.

Kisha akaniita chumbani kwake. Mzee Elinami alikuwepo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Manase hakunigombeza, na afadhali angenigombeza.

“Mama Brightness,” akasema, “naomba usichukie. Kuna Jumatano unakuja mtulivu, unatusaidia sana. Kuna Jumatano anakuja mtu mwingine. Mke wangu naye ni hivyo hivyo. Kama ni zile siku zenu, tuma ujumbe tu unaumwa, tutapanga tarehe nyingine. Hakuna atakayeuliza.”

Mzee Elinami akakohoa. “Mtu wa kuhukumu wenzake anatakiwa awe yule yule kila siku,” akasema.

Nilitaka kuwaambia hawana haki ya kusema hivyo. Lakini nina kalenda jikoni. Ninachoandika hapa wiki zote hizi ni neno hilo hilo walilosema. Nikasema, “Nimesikia, mheshimiwa,” nikatoka kwenye mvua.

Ijumaa, 2 Aprili

Jora zima la lesi nyeupe halipo dukani, ile nzuri kutoka Nairobi. Nimemuuliza Namnyaki, fundi anayeshona kibarazani kwangu mwaka wa nne sasa. Akasema hajui. Nikaona anapepesa macho. Nikamwambia achukue mkasi wake aondoke. Hakulia. Alifunika cherehani kwa kile kitambaa chake, akafunga uzi uliokuwa ukining’inia, akaondoka na mvua ile ile.

Nina hakika ni yeye.

Jumamosi, 3 Aprili

Mwezini. Kibaraza kimekuwa kimya.

Jumanne, 6 Aprili

Fransiska alikuja kunywa chai. Nikamsimulia yote: Koikai, hakimu, Namnyaki.

“Sasa nani anayeamua?” nikamuuliza. “Nikiwa na furaha namwamini kila mtu. Zikikaribia siku zangu simwamini hata Padre. Yupi ni mimi?”

“Mimi nazalisha watoto, Eva, si nabii,” akasema. “Ninachoona kwa wanawake ni kwamba wengine mwili unawabadilisha sana, wengine hawajui hata kama umefika. Wewe unakuondolea subira. Hiyo nimeiona tangu tukiwa wasichana.”

“Subira ikiondoka, ninachokiona ni kweli au si kweli?”

Akakoroga chai. “Sijui. Labda kingine kweli, kingine si kweli. Kama siku nyingine yoyote.”

Jibu hilo halikunisaidia.

Jumapili, 11 Aprili. Pasaka

Yesu na Maria.

Kanisa lilikuwa limejaa mpaka nje, watu wamesimama chini ya miavuli. Kwaya ikaanza Utukufu, kengele zikalia, nikainua macho kutazama altare. Kitambaa cha altare kilikuwa kipya. Kimezungushiwa lesi nyeupe, lesi yangu, yenye vimaua vinne vinne. Nilijua hata mahali jora lilipokuwa na doa dogo, na doa lile lilikuwa pale, upande wa kushoto, chini ya mshumaa.

Baada ya misa mwenyekiti wa akina mama akanikumbatia. “Mungu akubariki, Mama Brightness. Ulitwambia tuchukue tunachotaka, tukaona aibu kuchukua yote, lakini ukasema chukueni!”

Nilisema mimi. Nilisema nikiwa nacheka na mteja. Basi yule Evaresta mwenye furaha aligawa jora la lesi bila kugeuka kutazama, na yule mwenye hasira akamfukuza mtu kwa wizi wa mwenzake. Walishirikiana kama watu wawili waliopanga. Sikula chakula cha Pasaka. Reginald alidhani naumwa.

Jumatano, 14 Aprili

Mahakamani. Sinyati alitoa ushahidi. Nilikaa kama nilivyoagizwa, mtulivu. Alisema anaishi kwenye nyumba ile, hakuwahi kuondoka ila kwenda kwao kuomboleza. Koikai akamuuliza maswali makali, akajikanganya tena. Niliona mahali pa kuuliza swali. Niliona kabisa. Sikuuliza, kwa sababu nilikumbuka kidole changu kimenyooka, na nikamkumbuka Namnyaki.

Wakati wa kutoka Manase akaniambia, “Ahsante, mama. Hivi ndivyo.”

Sinyati alipita mbele yangu. Hakunitazama. Ile Jumatano nyingine alikuwa amenitazama.

Jumapili, 18 Aprili

Nimekwenda Ngaramtoni kumtafuta Namnyaki. Ni siku ya soko, punda, matope, ng’ombe waliokonda. Nikamkuta ameazima cherehani ya shangazi yake, anashona mashuka ya Kimasai kando ya duka la chumvi. Nilimwambia lesi imeonekana, kosa ni langu, naomba arudi.

Akaendelea kukanyaga cherehani mpaka mwisho wa pindo. Kisha akasema, “Nimekusamehe, mama. Lakini sirudi.”

“Kwa nini, kama umenisamehe?”

“Kwa sababu nilikuwa najua siku zako kabla wewe hujaanza kuzijua. Nilikuwa nakuja asubuhi nakutazama usoni ndipo najua leo niseme au ninyamaze. Hapa nimepumzika.”

Hakusema kwa ubaya. Nikanunua shuka moja na kurudi mjini. Njia nzima nilijiuliza ni wangapi wananitazama usoni asubuhi.

Alhamisi, 22 Aprili

Nguruwe wamenenepa. Brightness ameomba ruhusa mbili leo, moja akaitumia na nyingine akasema ni ya akiba.

Jumatatu, 3 Mei

Siku zangu hazijaja. Nilikuwa nimejiandaa, nimeamua nisiamue lolote, nimewaambia nyumbani wasiniulize kitu. Hakuna.

Ijumaa, 7 Mei

Bado. Leo nimejikasirikia kwa sababu sukari ya kashata imekataa kuyeyuka jikoni, halafu nikajiuliza kama ni hasira ya sukari au ya mwili, halafu sukari ikaungua.

Jumatatu, 10 Mei

Nimekwenda kwa Fransiska kwa siri kama msichana wa shule. Nilikuwa naogopa mimba. Akanipima. Hakuna mimba.

“Ni umri,” akasema. “Umeanza mapema kidogo, lakini ndiyo njia yenyewe. Zitakuja zinavyotaka sasa. Mwezi huu ndiyo, mwezi ule hapana.”

“Na keshokutwa tunakwenda kuona shamba la Koikai! Nitajuaje niko upande gani?”

Dada yangu akacheka mpaka akashika meza. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeanza kuizoea kalenda ile kama fimbo ya kupapasia njia, na sasa imenivunjikia mkononi.

Jumatano, 12 Mei

Mahakama ilikwenda kwenye eneo la mgogoro kwa Land Rover ya kukodi: hakimu, karani, Mzee Elinami, mimi, Koikai mbele na Sinyati nyuma kabisa. Tulikwama mara mbili. Mvua ilikuwa ile nyembamba, baridi, inayoingia kwenye mikono ya koti.

Shamba ni zuri. Mahindi yalikuwa yamefika kiunoni. Hakuna aliyeuliza nani aliyapanda. Karibu niulize, nikaogopa, na wakati huo huo sikujua naogopa nini, kwa kuwa sikujua leo mimi ni nani.

Nyumba ilikuwa imefungwa kwa kufuli, jipya, linang’aa. “Kama nilivyosema mahakamani,” Koikai akasema. Nyumbani kwake ni ng’ambo ya ua wa masale.

Tukiwa tumesimama hapo, ajuza mmoja akatokea kwenye ua, na fimbo, miguu mitupu kwenye tope, shuka limelowa. Hakutusalimia. Alikwenda moja kwa moja mlangoni, akausukuma. Ukagoma. Akausukuma tena. Kisha akageuka, akamtafuta Sinyati kati yetu wote, akazungumza kwa Kimasai, sauti ya mtu anayemlalamikia mwenzake wa nyumbani.

“Anasema nini?” hakimu akauliza.

Karani wetu anajua lugha hiyo. Akasita. “Anasema nani amefunga, mheshimiwa. Anasema amechoka, anataka kulala kitandani kwake.”

“Mama amechanganyikiwa,” Koikai akasema haraka. “Ni uzee. Siku nyingine hajui hata jina lake. Msimsikilize, siku zake zikimkuta hivi anasema lolote.”

Siku zake zikimkuta. Niligeuka kumtazama Koikai. Hakuwa amekusudia chochote kwangu, alikuwa anafuta tu maji usoni. Mzee Elinami alitikisa kichwa kwa huruma. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifikiri: inawezekana ni kweli. Wazee huchanganyikiwa. Huenda anadai mlango wa nyumba aliyolala ujanani.

Sinyati alikuwa ameshavua kanga yake ya juu, anamfunika ajuza mabegani. “Yeyo,” alikuwa akimwambia, yaani mama. Hakutuomba chochote.

“Fungua,” nikasema. Sikupaza sauti, au sidhani kama nilipaza.

Koikai akamtazama hakimu. Hakimu akasema, “Fungua.” Koikai akatoa ufunguo mfukoni mwake.

Ndani kulikuwa na vitanda viwili. Ajuza akaenda kwenye kimoja, kilichokuwa karibu na ukuta, akajilaza akiwa amelowa vile vile, akageukia ukutani kama mtu aliyefika. Nikainama kwenye mafiga, nikaweka mkono juu ya jivu. Lilikuwa na joto.

“Jivu lina joto,” nikasema.

“Moto unaweza kuwashwa na yeyote asubuhi,” Mzee Elinami akajibu. “Hata kwa kutaka mahakama ilikute.”

Ni kweli pia. Nikasimama na jivu mkononi, nisijue pa kulipangusa.

Jumapili, 16 Mei

Mvua siku nzima. Bado hazijaja.

Jumatatu, 24 Mei

Keshokutwa tunatoa maoni. Nimewaza kutuma ujumbe kwamba naumwa. Manase atafurahi, ataahirisha. Lakini ataahirisha mpaka lini? Sina tena tarehe ya kumpa.

Nimemuuliza Reginald, maana hatujawahi kuzungumza mambo haya. Tulikuwa tunawalisha nguruwe.

“Ukiwa safarini na wageni,” nikasema, “umegombana na mimi asubuhi, hukulala vizuri, jino linauma, unaendeshaje?”

“Naendesha tu.”

“Huulizi kama wewe ndiye wewe?”

Akamwaga pumba kwenye chombo chao. “Siku hizo napunguza mwendo,” akasema. “Lakini gari sisimamishi, kuna watu ndani.”

Jumatano, 26 Mei

Nimekwenda.

Nililala vibaya, mgongo unauma, lakini ni baridi hii. Mahakama ilijaa. Koikai alikuja na ndugu wa ukoo benchi mbili, Sinyati alikuja na binti yake, msichana mwembamba mwenye sare ya shule ya msingi.

Mzee Elinami alianza. Alizungumza kwa uadilifu, siwezi kusema vingine. Ardhi ya ukoo ibaki kwa ukoo, mjane apewe mahali pa kujenga kibanda, asitupwe. Ushahidi wake ulikuwa na mikanganyiko, akasema, na mahakama haihukumu kwa machozi ya ajuza.

Ikawa zamu yangu. Nilipunguza mwendo. Nilisema nimemsikia Koikai mara ya kwanza nikamwamini, mara ya pili nisimwamini, kwa hiyo nimeziweka pembeni siku zote mbili. Nikasema alisema mama yake anaishi kwake, nasi tumeona kitanda cha mama yake kikiwa katika nyumba aliyosema imefungwa tangu mazishi. Nikasema kufuli lilikuwa jipya na mahindi yalikuwa marefu, na mahindi hayasubiri kesi. Maoni yangu, Sinyati abaki kwenye shamba na nyumba, yeye na binti yake.

Sauti, sijui ilitoka wapi, ilitoka sawasawa.

Hakimu akafunga jalada la kesi. Kisha akasema anakubaliana na mzee wa mahakama wa pili. Ukoo ukasimama wote kwa pamoja ukatoka. Koikai hakutoka. Alibaki amekaa, akitazama mikono yake, na kwa mara ya kwanza nikamwona mtu aliyefiwa na kaka.

Nje, Manase akanifungulia mwavuli wake. “Leo umezungumza kwa utulivu sana, mama,” akasema. “Nilikuwa na wasiwasi, nakwambia kweli. Lakini nilipokusikia nikajua leo ni siku yako nzuri. Maoni kama ya leo ndiyo mtu anaweza kuyategemea.”

Nikamshukuru.

Alhamisi, 27 Mei

Nimeamka nimelowa. Damu imekuja yote, ya miezi miwili, na maumivu yake.

Kwa hiyo jana. Jana ndiyo ilikuwa ile siku. Mgongo ule haukuwa baridi. Siku niliyoambiwa nibaki nyumbani ndiyo siku niliyosifiwa, na mwenye kusifu hakujua, na mwenye kusifiwa hakujua. Nimekaa kitandani nikijaribu kukumbuka kama kulikuwa na giza lolote machoni pangu nilipokuwa nasema, na sikumbuki giza. Lakini hata siku ya Namnyaki sikuona giza. Niliona wazi kabisa, nikaona uongo.

Ningependa kuandika hapa kwamba nimeelewa. Sijaelewa.

Jumamosi, 12 Juni

Mvua zimekwisha, au zinajifanya zimekwisha. Mlima umefunguka asubuhi yote, watu wanasimama barabarani kuutazama kana kwamba umeletwa jana.

Sinyati alikuja dukani. Sikumtambua mara moja, alikuwa amevaa shanga zake na anatazama mbele. Alinunua mita mbili za kitambaa cha buluu cha sare ya binti, nikamkatia, nikakata vizuri. Kisha akaniambia Koikai amekata rufaa. Kesi imepanda mahakama ya wilaya.

“Yeyo anaendeleaje?” nikamuuliza.

“Anakohoa. Lakini analala kwake.”

Akakunja kitambaa taratibu, kona kwa kona. “Huko juu,” akauliza, “kuna mwanamke anayekaa na hakimu?”

Nikamwambia sijui. Nikamwambia huko mimi sina kiti, nikienda nitakaa kwenye benchi na watu wengine, sitaruhusiwa kusema neno.

“Usiseme,” akasema. “Ukae tu mahali nitakapokuona. Tarehe wataniambia wiki ijayo. Utakuja?”

Nimeshasema ndiyo.